Kitabu Kirefu, Kamba Fupi

Wiki mbili zilizopita nilirudisha funguo za chumba cha skripti. Vijana wa ofisini walininunulia keki, wakapiga picha, kisha mmoja wao akanikabidhi daftari jipya lenye jalada gumu na kuniambia, "Bi mkubwa, tuachie kitu." Nilidhani ni zawadi. Kumbe nimestaafu asubuhi, na kabla ya adhuhuri nimeshapewa kazi nyingine.

Haya, naandika. Vyeo sitaviandika, kwa sababu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja pamoja na meza yenye mguu mfupi. Nitaandika kazi yenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikichukua vitabu virefu vya riwaya, hasa vile vya majini, miji ya chini ya maji na wafalme wasiokufa, na kuvigeuza kuwa skripti za filamu za saa mbili. Watu huniuliza kama ni kazi ngumu. Mwambie mtu akuhamishie nyumba ya vyumba kumi iingie kwenye chumba kimoja, na mwenye nyumba awe amesimama mlangoni anatazama, halafu umuulize swali hilohilo.

Mimi ni mzaliwa wa Kibiti mjini, pale barabarani. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa korosho. Nilikuja Dar es Salaam na cheti cha kupiga taipu, nikaajiriwa katika kampuni ndogo ya filamu iliyokuwa na vyumba vitatu na mashine moja ya taipu iliyokosa herufi ya W. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Athumani, mwandishi wa skripti, mtu mwembamba mwenye kofia safi na suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukukata. Akanipa kitabu kinene na mkasi.

"Kata," akasema.

"Nikate nini, mzee?"

"Kitabu. Kila tukio kivyake."

Nikaganda. Kwetu karatasi yenye maandishi ikianguka chini huokotwa ikawekwa juu, hata kama ni ya kufungia sukari, maana hujui kimeandikwa nini. Nimelelewa hivyo. Nikasimama na mkasi mkononi mpaka machozi yakanilengalenga, na Mzee Athumani akanitazama kwa utulivu bila kucheka. Kisha akafungua droo akatoa nakala ya pili ya kitabu kilekile, mpya kabisa.

"Hii haiguswi," akasema. "Inakaa kabatini. Ukishamaliza kumkata mwenzake, unairudia kuisoma, uone umeua nini."

Tukakata. Baada ya kurasa tano nikagundua kosa langu la kwanza: ukurasa una pande mbili, na nilipokata tukio la upande huu nilikuwa nimelipasua la upande ule katikati. Mzee Athumani alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo na hakusema. Akafungua tena droo. Kulikuwa na nakala ya tatu. Nyie vijana mnaokata kwa kompyuta hamuwezi kujua raha ya kitabu kimoja kununuliwa mara tatu, lakini mwenye duka la vitabu la mtaa ule alikuwa akituombea dua.

Halafu ndipo ilipokuja kamba. Kulikuwa na msumari juu ya mlango na msumari juu ya dirisha, na kati yake imefungwa kamba ya katani. Kila tukio la kitabu tuliliandika kwa maneno machache kwenye kadi tuliyoikata kutoka kwenye boksi la viatu, tukaitundika kwa kibanio cha nguo. Kadi moja, dakika mbili za filamu. Kamba ilibeba kadi sitini. Ya sitini na moja iliingia dirishani, na mvua ikinyesha ilikuwa ikilowa. Nilimuuliza mara moja kwa nini tusifunge kamba ya pili chini ya ile ya kwanza.

"Kamba haiongezwi, binti. Watazamaji wana watoto nyumbani."

Karibu yote ninayoyajua nimeyajua chini ya kamba ile. Nilijifunza kwamba msomaji akisahau jina hurudi nyuma kurasa tatu, ila mtazamaji hana pa kurudi; kwa hiyo mtu wa kitabuni mwenye jina gumu mpe kitu mkononi, fimbo, kikohozi, chochote, watu wamshike kwa hicho. Nilijifunza kwamba mhusika akiwaza kurasa arobaini, usimwekee sauti ya kuwaza. Mpe kazi ya mikono na umkatize. Nilijifunza pia habari ya majini. Tulikuwa na kitabu chenye jini mrefu kushinda mnazi, na mwigizaji tuliyempata alinifikia mabegani. Kila mtu akakata tamaa isipokuwa Mzee Athumani. Alichimbisha shimo nyuma ya ofisi, kamera na kameramani wakaingizwa shimoni, yule bwana mfupi akasimama ukingoni akiwa na kanzu ya mita nyingi. Nakwambieni, watoto walikimbia ukumbini. Kwa miaka mingi yule bwana hakuweza kununua samaki soko la Feri bila wauzaji kumwachia njia.

Nilimpenda sana mzee yule, na sioni haya kuliandika. Alikuwa na subira na kitabu kibaya na heshima na kitabu kizuri. Alikuwa akigonga mlango wa chumba chake mwenyewe kama mimi nimo ndani nafanya kazi.

Lakini alikuwa na jeraha, na mnapaswa kulijua ili muelewe yatakayofuata. Kabla sijaajiriwa, aligeuza riwaya ndefu ya bwana mmoja aliyeitunga kwa miaka kumi na minne. Skripti ilisifiwa na kila mtu. Siku ya onyesho la kwanza, mwandishi alikaa safu ya mbele, akatazama mpaka nusu, akasimama, akamuomba radhi jirani yake kwa kumkanyaga, akatoka. Hakugomba wala hakuandika barua. Hawakuonana tena mpaka yule bwana akafariki.

"Sijui mpaka leo nilikosea wapi," Mzee Athumani aliniambia siku anastaafu. "Kila kadi ilikuwa yake. Sikuongeza kitu." Kisha akapanda juu ya kiti, akaifungua kamba, akaizungushia mkononi na kunipa. Alifariki mwaka uliofuata. Nikaapa moyoni kwamba mwandishi hatatoka ukumbini katika filamu yangu, na kwa miaka mingi hakutoka hata mmoja. Wengine walilala, hiyo siihesabu.

Sasa nifike kwenye kazi yangu ya mwisho.

Kitabu kinaitwa *Watu wa Maji Mafu*, kina kurasa mia tisa na kumi na mbili, na aliyekiandika ni mkulima wa mpunga wa Mahege, bondeni huko kwetu, anayeitwa Bi Mwanaidi. Nilikisoma kwa siku nne bila kupika. Katika delta ya kwetu, chini ya mito saba inayoingia baharini, kuna mji. Watu wake hutoka siku za maji mafu tu, wakati bahari haijai sana wala haipwi sana na maji yanatulia mikokoni. Wakitoka huondoka na mtu mmoja. Wamemchukua Sefu, kijana mkata boriti wa Nyamisati, na dada yake Mwasiti anashuka kumfuata. Hapo mko ukurasa wa ishirini. Baada ya hapo kuna soko ambako watu wa maji hununua kumbukumbu za watu wa nchi kavu kwa pishi. Kuna hakimu ambaye ni kaa, na kwa kuwa hutembea upande, hakuna kesi inayomfikia moja kwa moja. Kuna vita vya mito saba vinavyokula kurasa mia mbili. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka yote ile na sikuwa nimesoma kitu kilichonifurahisha hivyo. Nilikuwa nasoma nacheka peke yangu kama mtu aliyerogwa.

Wakubwa wakakubali kukigeuza. Bi Mwanaidi naye akakubali, ila akaweka sharti moja kwenye mkataba, na wakili wetu aliniambia hajawahi kuliona: filamu ikiisha, apelekewe Mahege aitazame na majirani zake. Akiridhika, jina lake na la kitabu chake vibaki. Asiporidhika, vyote viwili vitolewe na filamu ibaki yatima. Wakubwa waliona ni sharti jepesi, mimi nikaona safu ya mbele na mtu anasimama.

Nikafunga kamba. Wiki sita nilikata na kutundika. Kadi zilikuwa mia tatu na ushee, zikatoka moja baada ya nyingine mpaka zikabaki sitini. Kadi za kwanza kabisa kutoka zilikuwa za mama yake Sefu. Kitabuni mama huyu hafanyi kitu. Kila baada ya kurasa kadhaa anatokea kwa mistari miwili: anafunua kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukindu, anaitazama sahani aliyomwekea mwanawe, anafunika, basi. Nilihesabu mara arobaini na moja. Nikasema ni mazoea ya mwandishi tu, kama mtu anavyokohoa kabla ya kusema. Kadi arobaini na moja zikaingia kapuni, na kamba ikapumua.

Nilikwenda Mahege kumsomea Bi Mwanaidi skripti. Nilimkuta uani anapepeta, mama wa makamo ya juu mwenye mikono mikubwa na macho yasiyokuhurumia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Weye ndiye mtoto wa Kibiti? Wa yule mnunuzi wa korosho?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako mizani yake ilikuwa nzito kupanda. Haya, soma."

Nikasoma saa nzima na nusu. Ungo haukusimama. Nilipomaliza alipuliza pumba, akasema, "Umeandika vizuri. Hadithi nzuri hiyo."

"Alhamdulillahi."

"Siyo yangu, lakini nzuri."

Nilimuuliza pamekosekana nini. Akaniambia hajui, yeye si mtu wa filamu, na kama nataka jibu nilitafute kitabuni. Kisha akanipa nusu debe la mchele niende nao, kwa ukarimu uleule wa kumpa mgeni wa msiba. Njia nzima mpaka Kibiti nilizihesabu upya kadi zangu kichwani. Kila kadi ilikuwa yake na sikuongeza kitu, yaani kosa lilikuwa lilelile la Mzee Athumani, na mimi kama yeye sikuliona lilipo.

Muongozaji wetu, Idrisa, kijana wa Dar mwenye kipaji na haraka, hakutaka kusubiri. Alikuwa ameshakodi mitumbwi thelathini kwa ajili ya vita vya mito saba. "Bi mkubwa, tulia," akaniambia. "Akiviona vita tu, bibi kakubali. Hii sini ni moto." Akachagua siku kwa kutazama jua, akataka mwanga wa saa nne asubuhi. Bahari hakuiuliza. Wenyeji wa Nyamisati walimwambia mara mbili kwamba wiki ile ni ya bamvua, maji yanajaa sana na yakiondoka yanaondoka mbio, akasema vizuri, anataka maji ya kasi.

Saa nne kasoro robo kila kitu kilikuwa tayari: majeshi mawili, ngoma, moshi, wafalme wenye mataji ya bati. Idrisa akaona kuna mfalme mmoja amevaa saa ya mkononi. Ikavuliwa. Akaona mwingine. Kufika saa nne na nusu mitumbwi thelathini ilikuwa imekalia tope, na wafalme saba wa chini ya maji wamesimama ndani ya mitumbwi yao pasipo maji, wakitazamana. Mmoja akajaribu kushuka kwa heshima akazama mpaka mapajani. Wauza samaki pale dikoni, vyombo vinaposhushia samaki, walileta viti wakae watazame. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikakumbuka kwamba lile ndilo lilikuwa fungu lote la fedha za vita, na sasa vita hatuna tena.

Idrisa alikaa pembezoni na miguu yake ya tope. Nilimpa siku tatu za kupumzisha watu, nikachukua pikipiki nikarudi Mahege. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kukaa karibu na yule mama.

Nyumbani hakuwepo. Ulikuwa msimu wa kuwinga ndege wasile mpunga, na wakulima wote walikuwa bondeni kwenye madungu yao. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu katikati ya shamba la mpunga. Unakaa juu yake tangu alfajiri, na kweleakwelea wakishuka unapiga debe na kurusha mawe kwa teo. Bonde lilikuwa na madungu kumi na kitu, kila moja na mtu wake, na nikiwa bado kwenye ngazi ya dungu la Bi Mwanaidi nilisikia jambo lililonifanya nisimame. Bi Mwanaidi alikuwa anasimulia. Alikuwa anapaza sauti dungu hadi dungu, na ilikuwa *Watu wa Maji Mafu*.

"Kila mwaka?" nikamuuliza nilipofika juu.

"Kila mwaka. Inaanza mpunga ukitoa masuke, inaisha tukivuna. Ungefikiri nimeirefusha kwa nini? Mpunga hauivi kwa wiki moja." Akapiga debe. "Na nimeiandika kwa sababu ya Fatuma yule pale. Kila mwaka ananibishia kwamba mwaka jana nilisema vingine. Nikaona niandike ubishi uishe."

"Uliisha?"

"Sasa ananibishia na kitabu mkononi."

Fatuma mwenyewe siku ile alikuwa ametoka Kibiti kliniki, amekosa siku tatu. Alipanda dunguni kwake, akaweka mfuko, akaita kwa sauti, "Bi Mwanaidi, nivushe!"

Sikuwa nimelijua jambo hili. Sisi watu wa barabarani hatulindi mpunga. Kumbe bondeni mtu akikosa siku za hadithi kwa ugonjwa au safari, hasimuliwi upya, na wengine hawarudi nyuma kumsubiri. Anavushwa. Anaambiwa maneno machache tu yatakayomtosha afike walipo wenzake. Bi Mwanaidi aliweka teo chini akaita, "Kesi kwa kaa bado. Mwasiti kauza jina la baba yake sokoni. Mama kafunua kawa, wali umekuwa mahindi mabichi. Basi, endelea kukaa." Siku tatu zimekwisha. Fatuma akajibu, "Nimevuka," na hadithi ikaendelea.

Nikasogea karibu yake. Mama huyu alikuwa anafupisha kitabu chake mwenyewe kila msimu kwa miaka yote, bila mkasi wala kibanio, na mimi nilikwenda kumsomea skripti.

"Bi," nikasema, "na mimi nimekosa."

"Umekosa siku ngapi?"

"Msimu mzima. Sikuwahi kupanda dungu. Nivushe tangu mwanzo."

Akaweka debe chini. Kisha akampa Fatuma kazi ya kupigia madebe upande wetu, akajifunga kanga vizuri, akanivusha. Ilichukua mpaka karibu na adhuhuri. Sikuandika hata neno; nilikuwa naogopa nikiinamisha macho ataacha.

Alianza, "Maji yalikuwa mafu. Sefu akachukuliwa. Mama akapakua wali wake, akafunika kawa. Mwasiti akashuka." Aliwaruka wafalme wanne. Aliruka mji wa chumvi, ambao mimi niliupa kadi nane. Hakimu kaa alipata sentensi moja. Vita vya kurasa mia mbili alivivusha hivi: "Wakapigana, wakachoka." Lakini kila alipopiga hatua nyingine, alirudi kwa mama. Mama akafunua kawa, wali umekuwa mahindi mabichi, akafunika. Mama akafunua, boga. Akafunua, muhogo, kwa sababu mvua zimekatika. Akafunua, sahani ina maji ya uji tu, akafunika palepale kana kwamba ni biriani. Sikuwa nimekiona hicho. Katika kitabu chakula hubadilika, na mimi msomi wa mikasi nilihesabu mara arobaini na moja bila kutazama ndani ya sahani. Mle ndimo mlimokuwa na miezi yote, njaa yote, na tumaini lote la kitabu kile. Safari ya Mwasiti ilikuwa ndefu kwa sababu kuna mtu nyumbani alikuwa anaipikia.

Nililia pale juu ya dungu, mtu mzima mimi, na Bi Mwanaidi hakunibembeleza. Alisema tu, "Sasa umevuka. Piga debe, ndege wameshuka."

Nilirudi Nyamisati nikafunga kamba kwenye nyumba tuliyopanga, mlango hadi dirisha. Nikatundika kwanza kadi za mama, kumi na mbili. Zilizobaki nikazipanga katikati yake, na kila mahali nilipotaka kuruka kurasa themanini sikuhitaji maelezo yoyote: kawa linafunuliwa, chakula kimebadilika, mtazamaji amevuka. Idrisa alisimama chini ya kamba ile akasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza. Naye ana sifa yake: akiona kitu kizuri, huacha kujitetea.

"Vita je?" akauliza. "Mitumbwi hatuipati tena."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Mzee Athumani hakuwahi kulifanya. Niliongeza. Kitabuni mama hayumo kabisa kwenye zile kurasa mia mbili za vita, na hata Bi Mwanaidi aliponivusha hakumtaja hapo. Mimi nikaandika kadi moja: vita vinapiganwa chini ya maji na sisi tuko juu, jikoni. Tunasikia mngurumo tu. Sakafu inatetemeka, vyombo vinalia, kawa linaanza kucheza juu ya sahani. Mama analishika kwa mikono miwili. Anabaki amelishika mpaka mngurumo unakwisha. Dakika mbili, chumba kimoja, mwigizaji mmoja, na vijana wawili wa kutikisa meza. Tuliishuti mara moja tu. Idrisa alizima kamera akatoka nje.

Lakini usiku ule na mingine mingi sikupata usingizi mzuri. Kama kuna kitu kingemfanya Bi Mwanaidi asimame na kutoka, ni kadi ile. Kila kitu kingine kilikuwa chake.

Filamu ilionyeshwa Mahege alasiri moja katika darasa la shule, madirisha yamezibwa kwa magunia na kanga. Bonde zima lilikuwa limekuja, wenye watoto mgongoni na wenye vitabu mkononi. Bi Mwanaidi alikaa safu ya mbele, mikono mapajani. Mimi nilikaa nyuma yake, mahali ambapo nikinyoosha mkono ningegusa kanga yake. Hakucheka kwa hakimu kaa, ingawa watu walianguka. Sokoni alisogeza kanga begani tu. Ilipofika jikoni, sakafu ikaanza kutetemeka, mikono miwili ikalishika kawa, nikafumba macho. Nilisubiri kusikia benchi likisogea.

Vita vilikwisha. Benchi halikusogea. Nilifumbua macho, na ndipo mlango wa darasa ulipofunguka mwanga ukaingia, watu wakaguna. Alikuwa Fatuma, amechelewa kama kawaida yake, safari hii kwa sababu ya mbuzi. Akapenya kati ya magoti ya watu mpaka safu ya mbele, akajibana pembeni ya jirani yake.

"Bi Mwanaidi," akanong'ona, "nivushe."

Bi Mwanaidi hakuondoa macho kwenye picha.

"Mwasiti kashashinda kesi," akasema. "Vita vimepigwa. Mama kalishika kawa kwa mikono miwili mpaka kukatulia."

Fatuma akapapasa mfukoni. Nilimsikia anafungua kitabu kwenye giza lile, kisha akakifunga, maana haoni kitu na anakijua kwa moyo.

"Mbona hilo kitabuni halimo?"

"Limo," akasema Bi Mwanaidi. "Nilisahau kuliandika. Kaa."